Kuzamia: anzia huko, bahari uje kuizamia huku

Zuhura shoga yangu,

Assalam alaykum. Meseji yako ile ndefu nimeisoma yote na nimefurahi mpaka nikamsomea dada, manake kuzamia na mitungi ya hewa ni kitu nimekuombea siku nyingi ukionje. Umeniuliza ukajifunzie wapi, klabu ya huko Manchester, au uwafate wenzio wa kazini Thailand, au usubiri Disemba ukija nyumbani Unguja. Mi nakwambia kabisa, anzia huko malizia huku, na Thailand iache.

Si kwamba Thailand pabaya. Kisiwa chao cha Koh Tao watu wa dunia nzima wanaenda kuchukua cheti cha kwanza cha kuzamia na bei zao ziko chini kweli. Lakini we utaenda Koh Tao mara ngapi maishani? Cheti unakipata kwa siku tatu nne, alafu ukikaa mwaka mzima hujazama unasahau, ukirudi majini woga unaanza upya. Nyumbani unakuja kila ukipata likizo, bora ujue bahari ambayo utairudia.

Sasa utasema basi si nifanye yote huku. Hapana, kwa sababu we na maji nakujua, unahitaji muda, na likizo yako tunaijua sote, harusi, hitma, kwenda shamba kuwaona wazee, huo muda wa kuogopa taratibu utautoa wapi? Kozi ya mwanzo ina vipande vitatu: kusoma (hata kwenye simu unasoma), mazoezi ya bwawani, na daivu nne baharini. Viwili vya mwanzo vifanyie huko. Klabu nyingi za Uingereza zinakutana usiku kwenye mabwawa ya mtaani mara moja kwa wiki, hakuna wa kukukimbiza. Ukimaliza bwawa unaandikiwa fomu ya rufaa, unakuja nayo unamalizia baharini, ya PADI, lile shirika la kimataifa la vyeti vya kuzamia, inadumu miezi 12. Ila huko klabu nyingi ziko chini ya BSAC, chama cha wazamiaji cha Uingereza, na skuli nyingi za Unguja ni PADI, kwahiyo kabla hujalipa hata pauni moja tuulize skuli ya huku kama karatasi yao wataipokea.

Na kwanini nasisitiza bwawa. Kuna zoezi la miwani ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua, umepiga magoti chini, instrakta anakuonesha ishara, unaachia maji yaingie kwenye miwani mpaka ijae, pua imo ndani ya maji, macho umefumba, na bado unatakiwa uvute pumzi kwa mdomo, pole pole. Alafu unabana fremu ya juu kwenye paji la uso, unainua uso kidogo, unapuliza kwa pua na maji yanatokea chini. Mwili mzima unakataa shoga! Wengi wanakwama hapo, wanataka kukurupuka kwenda juu wameshika pumzi, na hicho ndo kitu kibaya kuliko vyote, manake ukiwa mita 10 chini hewa unayovuta imebanwa mara mbili ya huku juu, ukipanda nayo mapafuni bila kuitoa inatanuka na inaweza kukuumiza vibaya. Zoezi hilo ukilirudia wiki baada ya wiki kwenye bwawa la maji ya vuguvugu, ukija huku unaangalia samaki.

Daivu za nje za huko we ziwache kwanza. Watakupeleka kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji, kama Stoney Cove kule Leicestershire, na wazamiaji hodari wanatoka huko sikatai, lakini msimu wa baridi maji yanashuka mpaka digrii 6 hivi, unavalishwa suti nzito na glavu. Huku Disemba ni kama digrii 28. Baridi na woga vyote kwa pamoja sikutakii.

Halafu hio pumu yako ya utotoni. Kwenye fomu ya afya utaulizwa, usifiche, jibu ndio na umuone daktari hukohuko akusainie, kuna wanaofika mpaka ufukweni hapa wanakataliwa kuingia majini kwa kukosa sahihi tu.

Ukija, usikimbilie Mnemba, kile kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki ya Unguja. Kuzuri, kasa na pomboo wapo, lakini maboti yanajaa na mwanafunzi anahitaji utulivu. Mi nataka ujifunzie miamba ya karibu na mjini, Pange na Bawe, maji hayana kina kirefu, na kuna meli ya Kiingereza Great Northern iliyozama 1902, iko mita 12 tu. Pemba tutaenda baadae ukishazoea, kule mkondo una nguvu na ukuta wa matumbawe unashuka moja kwa moja kwenye giza.

Nimeshakufikiria pia instrakta, namtaka wa kwetu anaeongea Kiswahili. Kiingereza unakijua najua, ila moyo ukianza kwenda mbio kabla hamjashuka, lugha ya kumwambia mtu "naogopa, ningoje" ni ile uliyokulia. Na mavazi usihofu, suti ndefu inafunika mpaka vifundoni na kofia ya kuzamia inaficha nywele zote. Mama zetu wanalima mwani maji yakiwa kiunoni miaka yote na wengi hawajawahi kuona kilicho mbele ya pale, inaniuma sana hii, kwenye boti abiria wote wageni na mwenyeji ndo anaebeba mitungi. Ndomana natamani ushuke we.

Kitu cha mwisho, daivu isiwe siku ya kusafiri wala usiku wa kuamkia safari, baada ya kuzama mara kadhaa unasubiri angalau masaa 18 ndo upande ndege. Kwahiyo nitumie tarehe za tiketi mapema nikushikie nafasi, Disemba wanajaa haraka, na uniambie saizi yako ya viatu, ya mapezi ya miguuni.

Wako,
Mwanaidi