Midomo ya bata inavuja: harambee ya matengenezo ya vyombo vya bendi

Ndugu, jamaa na wapenzi wa muziki wa dansi,

Tunaomba mtuchangie shilingi 2,000,000 kabla masika hayajaingia. Hatununui chombo kipya hata kimoja. Fedha yote ni ya matengenezo, kwanza ya midomo ya bata, yaani saksafoni na tarumbeta zetu.

Bendi yetu ya jazi hapa Temeke inapiga mseto ambao jiji hili limeuzoea tangu enzi za Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932. Watu wa Kongo waliouzwa utumwani walifika Cuba na midundo yao, na huko ndiko tumba, ngoma ndefu ya kupigwa kwa mikono, ilikozaliwa. Miaka ya 1930 midundo hiyo ikarudi Afrika ndani ya santuri. Bendi za NUTA Jazz (1964) na Mlimani Park (1978) zikaikuza kwa namna yetu: wimbo unaanza taratibu, maneno yasikike, kisha chemko, sehemu ya kasi ya kucheza. Sisi kwenye chemko tunaweka ngoma za asili chini ya klave, mdundo wa Kikuba wa mapigo matatu kisha mawili, na juu yake mpulizaji anabuni papo hapo kama wanajazi wa Marekani. Hapo chombo kibovu hakina pa kujificha.

Saksafoni ina pedi zaidi ya 20 za ngozi laini zinazoziba matundu. Mate na unyevu wa pwani huzifanya ngumu kama soli, zisizibe tena. Kuzipima ni rahisi: zima taa za chumbani, ingiza kitaa kidogo ndani ya bomba, funga vibonyezo, penye mwanga ndipo panapovuja. Saksafoni yetu ndogo, alto, inaonyesha mwanga sehemu saba. Mbaya kuliko zote ni ile ya juu, karibu na shingo, maana pedi ya juu ikivuja, sauti zote za chini yake hukwama. Mpulizaji hung'ata zaidi, sauti inapanda, na bendi nzima inasikika kama haijatyuni.

Pedi zitabadilishwa zote kwa mkupuo, kwa alto na kwa saksafoni kubwa zaidi, ile ya tena. Ukichanganya mpya na kuukuu unene hutofautiana, na vibonyezo vinavyofungwa pamoja havitalingana. Fundi atatumia lakiri inayolainika kwa moto. Supaglu haifai kabisa: ikishaganda, pedi haisawazishiki tena. Kazi hii peke yake ni laki nane.

Tarumbeta mbili na tromboni zinahitaji kuoshwa kutu ya kijani, na tarumbeta zipate mafuta ya pistoni, matone matatu kwa kila pistoni. (Mafuta ya nazi huganda, tafadhali msiyatie.) Tumba mbili zinahitaji ngozi mpya. Kinachobaki ni nyuzi za magita ya solo, rizimu na besi, ridi (vipande vyembamba vya mwanzi vinavyotetemeka kwenye mdomo wa saksafoni), na kabati la kufungia vyombo.

Shilingi 10,000 inanunua ridi moja. Asiye na fedha atuletee vile vifuko vya chembechembe vinavyokaa kwenye boksi za viatu. Vinanyonya unyevu ndani ya mikoba ya vyombo.

Michango inapokelewa na mhazini ukumbini, Jumanne na Alhamisi jioni wakati wa mazoezi. Kila mchango una risiti, na matumizi yatabandikwa ubaoni kila mwisho wa mwezi. Mwenye tarumbeta la zamani ndani alilete pia, hata kama pistoni zimeganda. Tunaomba tu asizilazimishe kwa koleo.