Kisanduku cha malalamiko kisichofunguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na kampuni zinazotuuzia intaneti, hasa hii ninayoilipia kila mwezi.

Natunza kompyuta za ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha. Mwezi wa tatu tulianza kupokea barua pepe za kitapeli: "Akaunti yako imejaa, bonyeza hapa uithibitishe." Barua za namna hiyo kila mtu anazijua. Nilishtuka nilipofungua ile mistari ya juu ambayo programu za barua huificha, inayoonyesha barua imepitia seva zipi, yaani kompyuta zinazosafirisha barua. Anwani ya IP ya mtumaji, yaani namba inayotambulisha laini yake kwenye intaneti, ilikuwa ya kampuni yetu hii hii, ikitofautiana na ya ofisi yetu kwa tarakimu mbili za mwisho tu. Jirani kabisa.

Nikafanya inavyotakiwa. Tangu 1997, waraka namba 2142 wa wahandisi wa intaneti unataka kila mtoa huduma awe na kisanduku cha barua kinachoanza na neno abuse, cha kupokelea malalamiko kama haya. Nilituma saa, anwani na ile mistari yote. Barua ikarudi: kisanduku kimejaa. Hebu fikiri, nalalamikia utapeli wa "akaunti yako imejaa", na aliyejaza kweli ni wao!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Binti akaniuliza kwa upole kama nimejaribu kuzima ruta na kuiwasha. Sikumlaumu, anasoma alichopewa. Akanifungulia tiketi, na siku ya tatu ikafungwa kwa neno moja: "Imetatuliwa." Barua za kitapeli zikaendelea kuingia asubuhi hiyo hiyo. Nikafungua ya pili, kisha ya tatu.

Baada ya wiki sita zamu ikawa yetu. Mteja wa Ujerumani aliomba bei ya safari ya watu wanane, tukamjibu, jibu likagonga ukuta na kurudi na msimbo 550: anwani yenu imezuiwa. Kumbe wenye kutunza orodha za watuma barua taka, zile zinazorushwa kwa wingi bila kuombwa, walichoka kumsubiri mtoa huduma, wakazuia fungu zima la anwani 256, mwizi na mlinzi pamoja. Ni kama nyumba ya kupanga yenye LUKU moja: mmoja anapikia jiko la umeme usiku kucha, giza mnalala nalo wote. Yule mteja alipopatikana kwa simu alikuwa ameshalipa kwingine.

Kampuni nyingi huona malalamiko haya ni kero ya watu wa nje wasiolipa. Mimi nalipa. Na huyo anayerusha taka pengine ni mwenye duka ambaye kompyuta yake imeingiliwa na hajui. Simu moja kutoka kwa mtoa huduma ingemsaidia kuliko mtu mwingine yeyote.

Wala wasituambie haiwezekani. Tarehe 11 Novemba 2008 kampuni ya McColo ya California, iliyokuwa inahifadhi mitambo ya watuma taka, ilikatiwa intaneti na kampuni mbili zilizokuwa zikiiunganisha, baada ya mwandishi wa habari kuzipelekea ushahidi. Barua taka za dunia nzima zikapungua kwa zaidi ya nusu. Miezi kadhaa baadaye zilipanda tena, sikatai, lakini ilionekana nani ameshika swichi.

Kwetu sisi kuna jambo rahisi zaidi. Kompyuta iliyoingiliwa kwa kawaida hurusha taka moja kwa moja kupitia poti namba 25, mlango ambao seva hupelekeana barua. Mteja wa nyumbani haihitaji. Barua zake huenda kwanza kwa seva ya huduma yake ya barua, kwa mlango mwingine. Ifungwe kwa wote, anayeihitaji kama sisi aombe afunguliwe.

Kwa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitupa namba 15040 ya kuziripoti, na watu wanaitumia. Naomba mamlaka hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo inayotoa leseni, iweke sharti kwamba malalamiko ya barua taka yajibiwe na binadamu ndani ya siku chache, na kampuni ieleze imefanya nini. TZ-CERT, kikosi cha taifa cha usalama wa mitandao, wapo na wanapokea taarifa za matukio, lakini wa kumpigia mteja simu au kumkatia laini ni kampuni yenyewe.

Kwa sasa barua zetu zinatoka kupitia seva ya kukodi huko huko Ujerumani, tunailipia kila mwezi kwa fedha za kigeni. Waya wa kampuni ile bado umepigiliwa ukutani mwetu, maana mtaa huu hauna mwingine, na tiketi yangu ya nne inasomeka "inashughulikiwa."

Msomaji wako,
Njiro, Arusha