Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma, Kenya: Tuulizeni Deni Lilitoka Wapi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mwaka jana niliitwa mahojiano ya kazi ya afisa wa kumbukumbu katika taasisi moja ya serikali. Ni kazi ya kutunza faili ambazo si kila mtu anaruhusiwa kuzifungua. Niliambiwa nije na vile vyeti tunavyovijua sote: cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi), cha ushuru kutoka KRA (mamlaka ya mapato), fomu ya EACC (tume ya kupambana na ufisadi), cha HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na cha CRB (shirika linalotunza rekodi za wanaolipa na wasiolipa mikopo). Vinne nilikuwa navyo. Cha CRB sikukipata, kwa sababu ya mkopo wa simu niliouchukua mama alipolazwa. Nilieleza hayo kabla sijaulizwa, nikatoa na stakabadhi za malipo yangu ya kila mwezi. Aliyenipokea hakuzisoma. Alisema bila cheti safi faili yangu haiendi mbele.

Kijana tuliyeketi naye kwenye benchi alipita. Aliniambia mwenyewe kwamba wiki mbili kabla alikwenda kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, akaacha pikipiki ya kakake kama rehani, akalipa benki na kupewa cheti. Deni la shailoki halionekani CRB. Simlaumu, ana watoto. Lakini tangu siku hiyo najiuliza: kati yetu wawili, ni nani aliye rahisi kufuatwa jioni na mtu mwenye bahasha, anayetaka nakala ya faili moja tu?

Hofu ya serikali kuhusu madeni ina msingi. Aldrich Ames wa CIA alikuwa amelemewa na madeni na gharama za talaka mwaka 1985, alipoanza kuwauzia Wasovieti siri za nchi yake kwa dola 50,000 za kwanza. Alikamatwa mwaka 1994, na kufikia hapo watu kadhaa aliowataja walikuwa wameshauawa.

Hata hivyo, Wamarekani hao hao hawamfukuzi kila mwenye deni. Kanuni wanazotumia tangu 2017 kutoa kibali cha kushika siri za serikali zinadai deni lichunguzwe chanzo chake. Je, mtu alipoteza kazi, aliugua, alifiwa, au ni kamari? Amefanya juhudi gani kulipa? Na zaidi ya yote, amesema kweli? Anayeficha deni kwenye fomu kwa makusudi anaweza kunyimwa kibali hata kama deni lenyewe lingesameheka. Anayejulikana deni lake hana cha kutishiwa nacho. Anayelificha ndiye anayeshikika.

Sura ya Sita ya Katiba yetu inazungumzia uadilifu, na uadilifu hauonekani kwenye karatasi moja inayosema ndiyo au hapana. Benki Kuu yenyewe iliamua Aprili 2020 kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisimchafulie mtu jina CRB. (Kabla ya hapo, mtu aliweza kuandikwa kwa pesa za nauli.) Na HELB humtoza asiyelipa shilingi 5,000 kila mwezi, hata akiwa bado anatafuta hiyo kazi ya kumwezesha kulipa.

Ninachoomba ni hiki. Kwa kazi nyeti, mwombaji aandike madeni yake yote, ya benki, ya chama, ya shailoki na ya ndugu, kisha aketi mbele ya mtu wa kumsikiliza. Akigundulika ameficha, aondolewe. Akinyimwa kazi, apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa. Pia asiachwe baada ya kuajiriwa, maana madeni mengi huja mshahara ukishaanza kuingia. Watumishi wa umma tayari hutangaza mali na madeni yao kila miaka miwili. Fomu hizo zisomwe.

Mkopo wangu umebakiza awamu tatu. Naulipa kwa mshahara wa dukani, na nafasi ile ikitangazwa tena nitaomba. Stakabadhi nimezihifadhi zote. Naomba siku hiyo awepo mtu wa kuzisoma.

Wako mtiifu,
Mwombaji kazi, Nakuru