Barua kutoka Shizuoka: nani aliyefungua dirisha?

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Shizuoka. Natumaini u mzima wa afya, na kwamba wanafunzi wako huko Tanga wanaendelea vyema na masomo. Katika barua yako uliniuliza ni jambo gani la Kiingereza linalowatatiza zaidi vijana wa sekondari ya juu huku Japani, nami nimechelewa kujibu kwa kuwa nilitaka kwanza nilielewe mwenyewe. Kiswahili chetu ndicho kilichonifumbua macho.

Binti mmoja wa mwaka wa pili aliandika daftarini: "My dog is dying." Nilimpa pole, nikamwuliza kama wamempeleka mbwa huyo kwa daktari wa mifugo. Alinitazama kwa mshangao, kisha akanieleza taratibu kwamba mbwa alikufa miaka mitatu iliyopita. Niliporudia sentensi ile kwa Kijapani ndipo nilipoelewa. Wao husema "shinde iru", na umbo hilo la "te iru" ndilo wanalozoea kulioanisha na "-ing" tangu wanapoanza Kiingereza. Lakini "tabete iru" ni anakula, ilhali "shinde iru" si anakufa, bali amekufa. "Nete iru" ni amelala, "kite iru" ni amevaa, na "kekkon shite iru" ni ameoa au ameolewa. Umbo moja linabeba -na- yetu na -me- yetu pia, kutegemea kama kitenzi kinataja shughuli inayoendelea au badiliko ambalo likishatokea huacha hali nyuma yake. Binti yule hakuwa mzembe hata kidogo. Alitafsiri kwa uaminifu kile ambacho lugha yake inasema. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa njeo yoyote, ninawauliza: je, tendo bado linafanyika, au limekwisha na tunaona tu matokeo yake?

Mtihani mkubwa zaidi, hata hivyo, ni virai wanavyoviita "bunshi kōbun", yaani vile vinavyoanza na kitenzi kisichotaja mtendaji, kama katika "Walking along the river, I met my teacher." Kwa desturi hufundishwa kama hesabu: ondoa kiunganishi, ondoa kiima, badili kitenzi kiwe na "-ing". Kisha mwanafunzi hutakiwa aseme kama maana yake ni wakati, sababu, sharti, au jambo jingine. Sioni faida kubwa ya zoezi hilo la mwisho, kwa sababu mara nyingi mwandishi wa Kiingereza huchagua umbo hili kwa makusudi ili asilazimike kusema ni lipi kati ya hayo.

Kosa linalorudi kila muhula ni hili: "Opening the window, Mount Fuji was beautiful." Kwa Kijapani sentensi ya namna hiyo haina dosari, maana mtendaji huachwa bila kutajwa na kila msikilizaji humjua. Kwa Kiingereza, anayetajwa mara baada ya koma ndiye mtendaji, kwa hiyo hapa mlima wenyewe ndio uliofungua dirisha. Nilichora ubaoni Mlima Fuji wenye mikono miwili imeshika dirisha, nikanyamaza. Darasa lilitulia kidogo, kisha kicheko kikaanzia nyuma na kusambaa hadi mbele, na kijana mmoja akasahihisha kwa sauti: "Opening the window, I saw Mount Fuji."

Fikiria sasa tunavyosema sisi: "Nilipofungua dirisha, Mlima Fuji ulionekana mzuri." Hatuhitaji kubadili chochote, kwa kuwa ni- imekwisha kumtaja mwenye tendo, na u- imeutaja mlima. Hata -ki-, iliyo karibu sana na umbo hili la Kiingereza, haisimami bila nafsi: alikuja akiimba, tulimkuta akilia. Kitenzi chetu hutembea na mwenyewe. Cha Kijapani humwacha nyumbani, na cha Kiingereza hapa humficha nyuma ya koma, hivyo msomaji hana budi kuvuka koma ili amtafute. Ninawafundisha kuweka kidole kwenye neno la kwanza baada ya koma na kuuliza "Dare ga?", yaani nani?

Hili lina uzito kwao, kwa sababu mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu, ulioanza Januari 2021, hauna tena maswali ya sarufi peke yake katika sehemu ya kusoma. Kuna matini marefu ya kusomwa kwa dakika 80. Anayelazimika kurudia sentensi mara tatu ili ajue nani kafanya nini, muda humwishia.

Ninaomba unitumie sentensi kumi za wanafunzi wako zenye virai vya namna hii, bila kuzisahihisha. Nataka kuona kama vijana waliokua na ni-, u- na a- huangukia kosa lile lile la mlima, au wana lao.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.