Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Mafundi Simu na Redio, Mwanza

Ndugu wanachama, nawasalimu.

Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba deni la kodi ya stoo limekwisha, na ninawashukuru mliolipa ada kwa wakati.

Nitakaa zaidi kwenye masanduku ya simu mbovu. Tulipokubaliana kila meza iwe na sanduku la kukusanya simu hizo, ili pia tusaidie kuwalinda gorila, wengi mliuliza simu iliyokufa pale Makoroboi inamhusu nini gorila wa Kongo. Swali la haki. Kwenye bodi ya ndani ya simu kuna kapasita, vifaa vya kutunza umeme, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, zenye tantalumu, madini yanayotokana na koltani. Koltani huchimbwa mashariki mwa Kongo, hata ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Bei ilipopaa mwaka 2000, wachimbaji walimiminika msituni wakaishi kwa nyama ya porini, gorila wakiwemo.

Lakini tusidanganyane. Mitambo inayoyeyusha bodi hutoa dhahabu na shaba. Tantalumu kwa kawaida hupotelea kwenye mabaki ya tanuru. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kufufua. Mteja aliyebadilishiwa betri akakaa na simu yake miaka miwili zaidi, hahitaji nyingine ichimbiwe madini. Ndiyo maana sasa kila simu ya sandukuni inapimwa kwanza, kioo kizima na spika vinatolewa, na bodi isiyopona ndiyo inakwenda kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Tulipata ajali moja. Betri iliyovimba ilitupwa sandukuni pamoja na bisibisi, ikatoboka, ikawaka. Jirani yetu wa mitumba ndiye aliyewahi na ndoo ya mchanga, la sivyo meza tatu zingeteketea. Tangu siku ile betri zinafungwa selotepu kwenye ncha na kufukiwa kwenye mchanga mkavu. Wapo ambao bado hawafanyi hivyo. Nawaomba sana, ndugu zangu, maana wengine tuna watoto wanaotoka shule na kushinda chini ya meza hizo.

Linaloniuma zaidi ni vijana wanaochoma nyaya kando ya Mto Mirongo ili wapate shaba. Moshi wake ni sumu, na mvua ikinyesha majivu yanasombwa hadi ziwani, ziwa hilihili linalozunguka visiwa vya Saanane, na Rubondo wanakoishi sokwe na nzohe, swala wa kwenye vinamasi. Tulikaa nao, tukaanza kununua nyaya zao kabla hazijachomwa, na baadhi wamejifunza kuzichuna kwa kisu. Ila kuchuna kunakula muda, na bei yetu haifidii muda huo, hivyo usiku moto bado unaonekana.

Kamati inapendekeza sehemu ya ada za mwaka ujao ipandishe bei hiyo. Naomba tulipigie kura leo, kabla ya chakula.

Mwenyekiti