Wadada wa saluni, muulizeni mteja kama kachoma sindano kabla hamjamkanda uso

Mhariri, habari za kazi,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili maana limenikaa moyoni tangu mwezi wa saba, na nikikaa kimya naona kama nawaficha kitu wateja wangu na wenzangu tunaofanya kazi hii huku Mbeya. Mi nina saluni Mwanjelwa, nasuka, natengeneza nyusi, nafanya skrabu na masaji ya uso, huu ni mwaka wa tisa. Ninachotaka kusema kinahusu wale wanaochoma sindano za kuondoa makunyanzi, hizi zinazoitwa Botox, halafu kesho yake wanakuja kwetu kufanya skrabu, wao hawasemi na sisi hatuulizi.

Zamani ukisikia Botox unajua ni mambo ya waigizaji wa Marekani. Sasa hivi mtu anapanda ndege pale Songwe asubuhi, jioni kashachoma Dar, kesho yake karudi yuko sokoni ananunua nyanya. Na mi siwasemi vibaya kabisa, uso ni wake na hela ni yake, na baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba inavyopausha ngozi, upepo unavuma mpaka midomo inapasuka, mtu wa miaka arobaini unamkuta anaonekana wa hamsini na kitu, sasa akitaka apendeze kwenye sendofu ya mwanae nani wa kumzuia.

Basi mteja wangu mmoja, mama ninayemheshimu sana, mwanae alikuwa na sendofu Jumamosi ya wiki inayofuata. Akaja Alhamisi saa nne asubuhi, katoka uwanja wa ndege moja kwa moja na kibegi chake, akasema mwanangu nitengeneze huu uso ung'ae. Nikamlaza, nikamfunga nywele, nikamfuta vipodozi. Pale katikati ya nyusi, pale mtu anapokunja ndita, nikaona vidoa vidogo vidogo kama alama za mbu, na kimoja upande wa kushoto kimeiva rangi ya zambarau. Nikamuuliza, mama, mbu wa Dar wamekung'ata? Akacheka, akasema wale mbu hawana adabu mwanangu. Yakaishia hapo. Nikawasha mashine ya mvuke nikamstimu kama robo saa, kisha nikaanza kumkanda paji la uso kwa vidole gumba, nasukuma toka katikati ya nyusi kwenda juu na pembeni, nashuka mpaka kwenye mfupa wa juu ya jicho, vilevile nilivyofundishwa, na upande wa kushoto nikarudia rudia kwa sababu ya kile kidoa, nilidhani damu imevilia nikaona niisambaze. Kile kivimbe kidogo chini ya kidole gumba nakisikia mpaka leo.

Jumatatu akapiga simu, mwanangu jicho langu zito. Jumanne akaja mwenyewe kajitanda mtandio. Kope la kushoto limeshuka limefunika karibu nusu ya mboni, ili akuone inabidi anyanyue kidevu juu. Ndo akaniambia kwamba alichoma Jumatano jioni. Tukahesabu wote pale kwenye kiti, toka sindano mpaka mikono yangu ni masaa kama kumi na sita tu.

Tulienda wote kwa daktari wa macho. Nataka niwe mkweli hapa, daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni masaji yangu, kwa sababu kope linaweza kushuka hata mtu asipoguswa na yeyote, kama sindano ilikaa karibu mno na jicho au dawa ikasogea yenyewe mpaka kwenye msuli unaonyanyua kope. Ila akasema kukandwa pale palipochomwa ndani ya siku ya kwanza ni kitu kinachokatazwa mwanzo kabisa. Akamuuliza mama, huko kliniki hawakukupa maelekezo? Mama akafungua pochi akatoa karatasi imekunjwa mara nne, ya Kiingereza, hakuisoma. Mi nikaisoma pale pale nikisaidiwa na daktari, mstari wa pili tu umeandikwa usisugue wala kukanda uso.

Na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma, hilo ndo liliniumiza. Kuna matone ya macho yanaweza kusaidia kope linyanyuke kidogo lakini dawa ile ikishashika msuli unasubiri mpaka nguvu yake iishe. Kwenye sendofu mama alikaa meza kuu na miwani myeusi usiku, picha zote anaangalia upande mmoja, na watu wakaanza kusema mama wa bibi harusi mtarajiwa kapata stroku. Wiki ya tano ndo kope likarudi sawa. Hakunilaumu hata siku moja, bado ni mteja wangu.

Toka siku hiyo nimesoma na kuuliza kila anayejua. Dawa yenyewe inatokana na bakteria anaitwa Clostridium botulinum, sumu yake ndo ile inayoua watu wakila vyakula vya makopo vilivyoharibika, ila kwenye urembo kipimo ni kidogo mno, kwa Botox yenyewe ndita za katikati ya nyusi kipimo cha kawaida ni yuniti 20, zinagawanywa sehemu tano. Inazuia neva isipeleke ujumbe kwenye msuli, msuli unalegea, ngozi ya juu yake inanyooka. Na yule daktari alinishangaza aliposema imeanzia kwao huko kwenye macho, ilikuwa ya kutibu makengeza na macho yanayofumba yenyewe, Marekani waliiruhusu kwa kazi hiyo 1989. Huko Vancouver, Kanada, mke na mume, Jean na Alastair Carruthers, mke daktari wa macho na mume daktari wa ngozi, wakaona wagonjwa wanaochomwa kwa ajili ya macho ndita zao zinapotea, wakaandika 1992, halafu ruhusa ya Marekani kwa ajili ya ndita ikaja 2002. Kwa hiyo ni dawa ya hospitali, inafanya kazi kwenye msuli. Sisi wa saluni tunaichukulia kama krimu ya usoni ndo maana tunakosea.

Sasa ratiba, na hapa naomba akina mama wasome taratibu. Sindano haionyeshi matokeo siku ileile, inaanza kuonekana siku ya tatu mpaka ya tano hivi, inakamilika kwenye wiki mbili, halafu inakaa miezi mitatu mpaka minne. Yule mama wangu hata kama kope lisingeshuka, alichoma siku kumi tu kabla ya sherehe, uso ulikuwa haujamaliza kutulia. Kama sendofu ni tarehe 30, mi sasa hivi namwambia mteja njoo ufanye skrabu kubwa, ile ya mvuke na kukamua chunusi na masaji, tarehe 25 ya mwezi wa nyuma, uso upumzike siku tano sita, tarehe mosi nenda kachome, toka hapo mikono yangu haikandi uso wako mpaka tarehe 15 ipite, na tarehe 27 au 28 njoo nikufanyie maski nyepesi ya kung'arisha. Skrabu itangulie sindano ifuate. Hata mtu akilazimika vyote viwe siku moja, uso usafishwe kwanza na sindano iwe ya mwisho kabisa, isiwe kinyume chake.

Najua wapo wataalamu wanaoruhusu skrabu nyepesi baada ya siku moja au mbili, na kunawa uso kwa ncha za vidole bila kusugua hakuna shida hata jioni ileile. Ila mi kwa masaji ya nguvu, mashine za kunyonya uchafu na rola za vijisindano nimeamua wiki mbili, bora mteja akasirike. Piling, ile ya kubandua ngozi ya juu kwa dawa, na ile mashine ya kusugua ngozi ya juu nayo nasubirisha hivyohivyo, na ukifanya piling kabla, acha ngozi ipone kabisa kwanza, usiende kuchomwa sindano kwenye uso unaobanduka.

Halafu kuna mambo ya huku kwetu ambayo karatasi ya Dar haiwezi kuyataja. Siku ile ya kwanza hutakiwi kubana paji la uso, sasa angalia mwanamke wa Mbeya mwezi wa saba, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, juu yake kilemba kimekazwa, halafu anapanda bodaboda toka Kabwe kwenda Uyole anavalishwa helmeti ya kubana, paji lote limekandamizwa njia nzima. Na nyungu, watu wetu wakisikia mafua kidogo tu wanachemsha majani wanajifunika blanketi wanajifukiza, ule mvuke na joto siku ya kwanza hapana. Masaa manne ya mwanzo usilale, kaa wima, na usiku huo usilale kifudifudi. Mazoezi ya kutoka jasho subiri kesho yake. Wanaotumia krimu za retino, zile za kupunguza makunyanzi, waache usiku ule, na sanskrini ipakwe kesho yake kwa kugusagusa tu, jua la huku linaunguza hata kukiwa na baridi.

Wapo pia wanaochanganya Botox na zile jeli za kujaza mashavu na midomo. Ni vitu viwili tofauti, jeli inakaa chini ya ngozi kujaza, ukiikanda mapema inaweza kuhama sehemu yake, kwa hiyo na hao nasubiri wiki mbili.

Na kuna jambo linaniogopesha kuliko yote. Toka nianze kuuliza wateja maswali haya, wanawake watatu wameniuliza kama na mimi nachoma watu, mmoja akanionyesha kwenye simu mtu anauza vichupa, anatuma kwa basi. Dada angu mpendwa unayesoma hapa, dawa hii inatakiwa ikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, ni unga unachanganywa na maji ya chumvi ya hospitali, sasa imelala kwenye buti ya basi toka Dar mpaka Mbeya na umeme wenyewe unavyokatika, utajuaje ndani kuna nini. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa misuli kulegea, mwenye vidonda usoni, hawa hawatakiwi kuchomwa, na mi sina ujuzi wa kujua hayo. Ukichomwa halafu ukaona shida ya kumeza au kupumua hata baada ya siku kadhaa ni hospitali saa hiyohiyo. Kazi hii ni ya daktari, mi kazi yangu ni mikono na sitaiacha.

Mhariri, kwenye ukurasa wenu wa urembo mnaandika sana kuhusu mafuta na mitindo ya nywele, na tunausoma sana saluni, wateja wanagombania. Nawaomba mtafute daktari wa ngozi aandike kwa Kiswahili maelekezo ya baada ya sindano, yatoke hata nusu ukurasa, tuyakate tuyabandike ukutani. Na nyie kliniki mnaochoma, hiyo karatasi mnayompa mama wa watu iandikeni Kiswahili na mumwambie kwa mdomo kabla hajatoka mlangoni.

Mi kwangu nimeandika kwa maka pen kwenye kioo, UMECHOMA SINDANO YA USO NDANI YA WIKI MBILI? Wiki iliyopita mteja mpya kaisoma huku nishashika taulo, akanyamaza kidogo, akaniambia dada, ni juzi. Nikamsuka nywele tu, uso nikamwandikia tarehe kwenye daftari.

Ni mimi mwenye saluni,
Mwanjelwa, Mbeya