Kabla hamjafunga balo la nguo

Goma, Jumapili jioni

Yaya mpendwa,

Salamu kwako, kwa Papa na watoto wote huko Katuba. Sisi tupo, Mungu anasaidia. Bei ya makala ya kupikia, ule mkaa, imepanda tena, lakini hilo tutaliongea kwenye simu.

Umeniuliza kundi lenu la sala lianzie wapi na wale wagonjwa wasio na ndugu, ukasema nguo mmeshaanza kukusanya. Nguo si mbaya. Ila nendeni kwanza bila balo, mkae, muulize. Najua wamama watasema kumtembelea mgonjwa mikono mitupu ni aibu. Basi bebeni maji ya kunywa, mengine yasubiri.

Hospitali zetu unazijua: jiko ni la familia. Asiye na mtu wa kumpikia, wa kumfulia, wa kukimbia na karatasi ya dawa mpaka famasi, huyo analala njaa hata kama daktari ni hodari. Ungedhani wote wataomba chakula, na kweli wengi wanaomba. Lakini mama mmoja wa Masisi, aliyevunjika mguu, alituacha tuongee weee, halafu akasema yeye shida yake ni inite tu, salio la simu, ampigie kijana wake aliye mbali ambaye hajui kama mama yuko hai. Tukampa simu. Akaongea Kihunde, sisi hatuelewi kitu, akacheka sana, na alipomaliza ndipo akaomba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani! Kijana wa kitanda cha pili alitaka mtu wa kumsomea fakitire, ile karatasi ya malipo, amweleze anadaiwa nini hasa. Hilo mngeliweka ndani ya balo gani?

Hata Bartimayo, Yeriko nzima ilijua ni kipofu, na bado Bwana Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini.

Halafu mkiwa pale, msimkatize mtu kwa "Mungu atafanya." Biblia ikae ndani ya mfuko mpaka aiombe mwenyewe. Msiahidi msichoweza. Na picha za wagonjwa kwenye WhatsApp ya kundi, hapana kabisa! Kwenye shirika letu tuligombana kwa ajili ya hilo, na sijutii.

Tangu Floribert Bwana Chui wa hapa kwetu atangazwe Mwenyeheri kule Roma, tarehe 15 Juni 2025, watu wanapenda kusimulia jinsi alivyouawa, Julai 2007. Mimi navutwa zaidi na yale ya kabla. Alikuwa kijana wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, rafiki wa maibobo, watoto wa mtaani, anakaa nao, anawasaidia waende shule. Kazini kwake, kwenye ukaguzi wa bidhaa za mpakani, akakataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni. Mawazo haya ni yangu, si ya padri: aliyezoea kukaa na maibobo alijua vizuri chakula kile kingeishia kwenye tumbo la nani.

Kwa hiyo Yaya, kabla ya Jumamosi mwone muuguzi mkuu, umwombe saa za kutembelea na akuonyeshe wasio na mtu. Muende wawili wawili, kundi zima litawachosha wagonjwa. Yule mama wa kwaya anayependa kuhubiri mpeleke na mtu mpole! Mkishasikia, ndipo mchague nguo, na mkikosa inite nitume kidogo kutoka huku.

Umsalimie Papa sana.

Mdogo wako wa Goma